Askari Wasio na Macho

Baba yangu, Mzee Bakari, alikwenda Vita vya Kagera na kichupa cha wino aliouchanganya mwenyewe hapa Kitomanga: masizi ya chungu na utomvu wa mkorosho. Kalamu yake ilikuwa ya mwanzi, kama ya chuo cha Kurani. Kule vitani aliwachora wenzake, lakini hakumtia macho hata mmoja. "Sura ni kazi ya Muumba," alisema.

Mimi nimejifunza kuchora ukubwani, jioni, nikishatoka shambani. Darasa letu lilipoandaa maonyesho Lindi, nilimwomba picha zile.

"Chukua, Nasma. Zikirudi, washia moto. Nilitaka wenzangu wajulikane, watu wakaniuliza kama ni sanamu za kutishia ndege."

Nilitamani aheshimiwe angali hai. Nikachovya kalamu niwatie macho. Adhana ya magharibi ikaniwahi. Nikaswali, nikamwomba Mungu aniongoze. Niliporudi mkekani, niliiona mistari yenyewe. Ya mizigo ilikandamizwa mpaka karatasi ikakwaruzika. Ya miguu iliyochoka ilikatikakatika. Askari mmoja alimbeba mwenzake mgongoni, na bega lake lilipanda kwa mstari mmoja, bila kalamu kuinuliwa. Sikugusa kitu.

Siku ya maonyesho nilikwenda na baba, na vijana walizicheka picha zake. "Oya, jeshi la vipofu!"

Baba akainama. "Twende nyumbani, mwanangu."

Mara mzee mmoja mwenye fimbo akasimama mbele ya picha ya askari aliyembeba mwenzake.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Nani kachora bega langu?"

Tukamtazama. Kweli, bega lake la kushoto lilipanda juu kuliko la kulia.

"Nilianguka kwenye mkorosho nikiwa mtoto, kule Mingoyo," alisema, kisha akageuka. "Bakari! Kumbe ulikuwa unatuchora! Sisi tulidhani unaandika hirizi!"

"Francis," baba akasema. "Bega hilo nililijua kwa kulilalia. Uliyembeba ni mimi."

"Bwana asifiwe!"

"Alhamdulillahi!"

Wakakumbatiana. Kisha Mzee Francis akaelekeza fimbo kwenye picha nyingine, akaita kama kwenye gwaride.

"Yule anayechechemea, Hussen!"

"Yupo!" baba akaitikia.

"Mkanda umelegea kama kawaida yake, Khamisi!"

"Yupo!" Safari hii vijana nao waliitikia.

Aliwaita wote, hakukosea hata jina moja. Mwisho akaita, "Bakari!"

Baba akanyoosha mgongo.

"Nipo!"