Tausi Mzito

Kitu cha kwanza nilichokiona ni bobini, kile kigurudumu kidogo cha kuzungushia uzi. Ilikuwa tupu, imelala ubavu mezani, na kila mashine ya kudarizi ilipokimbia, ile bobini ilijiviringisha kidogo kidogo kuelekea ukingoni, kama mtu anayetoroka kikao cha ukoo. Ikaanguka. Nilipoinama kuiokota, nikasikia sindano imesimama. Nilipoinuka, kompyuta ilikuwa imezimika tena.

"Imekufa!" Shangazi akapiga kelele kutoka kwenye pasi. "Injinia! Njoo umwone mgonjwa wako!"

Injinia ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Yeye anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda cha mbele; sisi tunadarizi nyuma ya pazia. Ndiye aliyeiongezea kompyuta yetu ramu, kile kijibao cha kumbukumbu, kwa ajili ya tausi. Mchoro wa tausi ulikuwa mzito. Kompyuta ilimfungua nusu, ikaganda. Lakini bibi harusi mmoja alikuwa amekwisha kuiona hiyo nusu, akasema mgongoni mwa gauni lake hataki kingine ila ndege huyo, na mkia wote hadi chini.

Basi ramu ikaongezwa. Tausi akafunguka, unyoya kwa unyoya. Lakini tangu hapo kompyuta ikawa inazimika kazi ikiwa katikati. Mashine yetu ni ya zamani, inaifuata kompyuta kwa waya kama ndama na mama yake. Kompyuta ikifa, na sindano inasimama palepale. Vitambaa vya majaribio vilijaa kapu: tausi hana mkia, tausi ana mguu mmoja, kichwa cha tausi peke yake, kinashangaa.

Injinia alikuwa ameshajaribu mengi. Aliitoa ramu, akayasugua meno ya kijibao hicho kwa kifutio, akairudisha. Aliibeba kompyuta hadi kibandani kwake, akamfungua tausi, ikafanya kazi kutwa bila hata kukohoa. Akairudisha mezani kwetu, ikafa.

"Ni kama wewe ulipokuwa mdogo," Shangazi alimwambia. "Nyumbani unalia tumbo, ukifika hospitali unacheza na daktari."

"Mama, usinitanie mbele ya watu."

"Watu gani? Huyu Kimya? Huyu hata ukimlipa hasemi."

Kimya ni mimi.

Injinia hakucheka. Aliiwasha kompyuta, akakaa kwenye kiti changu, akajikuna shingo. "Mama, naitoa hii ramu. Turudi tulipokuwa. Tausi hatafunguka, ila yapo yale maua madogo yaliyokuja na mashine."

"Bibi harusi anakuja kesho."

"Ndiyo maana. Bora ua zima kuliko tausi kilema."

Shangazi alilitazama gauni jeupe lililotundikwa ukutani. Akashusha pumzi. "Haya. Itoe."

Nilihisi kama mtu amenivuta kiti. Tausi yule nilimchora mimi, saa ambazo duka lilikuwa tupu, jicho moja la mkia baada ya jingine. Shangazi aliamini ndege huyo alikuja na mashine pamoja na yale maua, nami sikumsahihisha. Na sasa tausi alikuwa anaondoka, nami bado nimesimama na bobini mkononi.

Nikairudisha mezani. Badala ya kusema, nikaweka viganja vyote viwili juu ya meza, nikaitikisa.

Bobini ikaviringika. Kompyuta ikazimika.

"Umegusa nini?" Injinia akaruka.

"Meza."

Alinitazama, akaitazama meza, akaitazama bobini iliyokuwa ikiendelea na safari yake. Kisha akajipiga paji la uso. "Kule kwangu meza haitetemeki! Jamani! Kuna kitu kimelegea ndani!"

Akachomoa waya, akafungua mfuniko, akaitoa ramu mpya na kumulika kwa simu mahali inapokaa. "Mbona pako safi."

Nikasogeza uso. Chini kabisa ya ule mfereji mwembamba, kitu kiling'aa. "Hapo."

"Wapi?"

"Hapo, panapong'aa."

Kilikuwa kipande cha uzi wa dhahabu, kifupi kuliko ukope. Siku ya kuifunga, Injinia alikuwa ameilaza ramu kwenye kitambaa tulichokuwa tunakatia nyuzi, nao uzi ukapanda nayo. Ramu ilikuwa imeketi upandeupande, kama mgeni aliyepewa ncha ya benchi.

Injinia akaleta bisibisi. Shangazi akamsukuma kwa nyonga. "Pisha. Uzi ni kazi yangu." Akachukua kibanio chake cha nyuzi, akazuia pumzi, akauvuta. Akauinua kwenye mwanga. "Kumbe ni wewe, mwanaharamu!"

Injinia akairudisha ramu, akakandamiza. Ikalia ka! upande huu, ikalia ka! na upande ule. "Mmesikia? Mara ya kwanza ililia upande mmoja tu!"

Tukalitandika gauni. Mashine ikaanza. Meza ikatetemeka kama kawaida yake, bobini ikaanguka, hakuna aliyeiokota. Kichwa kikatoka, shingo ikatoka, mkia ukaanza kushuka: kijani, buluu, dhahabu. Kibandani mteja aliita "Hodi!" mpaka akachoka, Injinia hageuki. Jicho la mwisho lilipofungwa na sindano kusimama yenyewe, kwa kumaliza safari hii, Shangazi alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia. Injinia akacheza duka zima na mfuniko wa kompyuta kichwani.

Siku ya pili bibi harusi alilivaa gauni, akakipa kioo mgongo, akajitazama juu ya bega. Akafunika mdomo. Mama yake alipitisha kidole juu ya mkia, taratibu, kana kwamba ndege angeshtuka.

"Huyu mmempata wapi?"

"Alikuja na mashine, mama," Shangazi akajibu kwa fahari.

"Mashine za siku hizi zina akili!"

Mimi nilikuwa nimepiga magoti, napima pindo, pini zimejaa midomoni. Nikazitoa moja moja, nikazichomeka kwenye mto wa pini. Nikasimama.

"Hakuja na mashine, shangazi," nikasema. "Nimemchora mimi."