Upepo wa Shimo la Saba

Kila alasiri Nestory, mwalimu wa gofu, huchuma nyasi kidogo na kuzirusha juu ili aone upepo unaelekea wapi. Uwanja wenyewe uko nje ya Igoma, ziwa linaonekana kwa chini, kwa hiyo mwanzoni aliwafundisha wachezaji waangalie upande wa ziwa. Alikosea. Upepo ulikuwa unatoka kwenye shimo la saba, kwenye ungo wa marehemu Getruda, aliyesimama palepale alipozikwa, anapepeta mpunga.

Hapo palikuwa shambani kwake. Wenye klabu walipoweka uzio waliiahidi familia kwamba kaburi litabaki na njia ya kuliendea itaachwa. Kaburi wakalisawazisha, wakapanda nyasi. Njia ndipo mipira inapopita siku hizi. Watu wazima, wenye makaburi ya mama zao, walikaa kikao wakakubaliana hivyo, halafu wakanywa soda.

Akiwa hai Getruda alikuwa akisubiri upepo wa ziwa ndipo apepete. Sasa upepo ndio uliokuwa unamsubiri yeye. Akiinua ungo, mti wa bendera unapinda, na makapi yanawaingia wachezaji machoni. Wao waliyafuta kwa leso wakamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba bila kugeuka. Salamu walikuwa nayo, tusiwasingizie.

Odeta, binti yake, akaenda getini. Shida yake ilikuwa moja tu. Kwao ungo wenye nafaka hauwekwi chini. Anayepepeta akichoka, mtu wa nyumbani humwambia, "Lete nikupokee," ndipo apumzike. Mama yake hakuwa na wa kumpokea. Na mpunga wa ungo ule ulikuwa hauishi, maana shamba zima bado lilikuwa linazaa chini ya nyasi zao.

"Masele, nifungulie nikampokee mama."

"Dada Odeta, hapa wanaingia wanachama tu," mlinzi akasema. Masele huyu alikuwa jirani yao, amekula wali wa Getruda tangu ana meno ya utoto. Alisema hayo anachezea kufuli.

Habari zikafika kwa mwenyekiti wa klabu. Yeye aliona kandambili za Odeta zingeharibu nyasi, basi akamwagiza Nestory awafundishe watu kuuzoea upepo. Nestory akafundisha: tanua miguu, shika fimbo kubwa kuliko uliyozoea, usiinue mikono mpaka juu, piga taratibu, mpira upite chinichini. Na kweli wakaweza. Wakaenda kucheza miji mingine wakarudi na vikombe. Yaani kumfungulia geti mtoto wa marehemu kuliwashinda, lakini miguu, mikono na fimbo, vyote walivibadilisha, tena wakalipongeza jambo hilo kwa makofi. Odeta alikuwa nje ya uzio, anayasikia hayo makofi, na mama yake anamwona amesimama jua kali bila kuketi.

Ikafika wakati mikono ya Getruda ikachoka. Upepo ukawa unakuja, unakatika, unakuja tena, na mashindano makubwa yalikuwa yamekaribia. Mwenyekiti akamwita Odeta ofisini, akamvutia kiti.

"Mama yako anatuangusha," akasema, macho makavu. "Ingia umpokee. Ila usiache kupepeta, wageni wanakuja kwa ajili ya upepo."

Matusi aliyokuwa nayo Odeta yangetosha kumaliza siku, lakini alijua akiyatoa geti litafungwa.

"Afadhali nichoke mimi kuliko mama," akasema. Akavua kandambili mwenyewe, akapita pekupeku mpaka shimo la saba.

"Shikamoo mama. Lete nikupokee."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu."

"Walinizuia."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Getruda akampa ungo, akanyoosha mgongo, akaketi. Kisha akalala ubavu na nyasi zikamfunika. Mashindano yalikwenda vizuri, na mwenyekiti alitoa hotuba ndefu ya kushukuru hali ya hewa.

Odeta bado yuko pale. Masele humpelekea uji na kumnywesha, kwa kuwa mikono yake haina nafasi. Binti wa Odeta, Queen, kila jioni akitoka kazini husimama getini, kanga kiunoni, anaomba aingie akampokee mama yake. Masele hutazama chini na kumwambia ni wanachama tu.

Nestory naye huchuma nyasi zake, huzirusha juu. Wachezaji amewaambia sasa washike fimbo kubwa zaidi ya ile aliyowafundisha kwanza, kwa sababu mikono ya Odeta ina nguvu kuliko ya mama yake.