Marehemu Anapanga Vikombe

"Toa hilo hema mlangoni kwangu," Nyakio alisema. "Wateja wanafikiri ni mimi nimefiwa."

"Mama Lynette, hema si langu," Murunga alijibu, mkono mmoja bado umeshika kamba. "Hema ni la marehemu."

"Na marehemu si huyo hapo anapanga vikombe? Muulize kama alikuomba."

Wote wawili wakageuka. Jemutai alikuwa ameinama juu ya meza ya mbao, anafuta vikombe vya matanga yake kimoja kimoja kwa kitambaa. Alisema yeye hana neno. Hema likae popote, bora lisizibe bomba la maji, kwa sababu watu wa ploti wanafua Jumatatu.

"Umesikia?" Murunga akasema.

"Nimesikia nini? Huyo hata kabla afe hakuwahi kukataa kitu. Ukimwambia abebe hilo hema kwa kichwa atakuuliza apeleke wapi."

Ploti ni ile ya vyumba kumi na viwili, mtaa wa West Indies hapa Eldoret, yenye lango la bluu. Nyakio ana kioski hapo langoni, na ndani ya kioski ana TV kubwa kuliko zote za ploti. Murunga alistaafu kutoka kiwanda cha nguo na tangu hapo ni mwenyekiti wa kamati ya matanga. Ameshazika wapangaji, amezika landlord wawili, na hema analijua kama vile mtu anavyojua shati lake. Lilikuwa katikati ya ua kwa wiki nne, mpaka mvua ikafanya pale katikati kuwa tope, ndiyo akalisogeza kwa Nyakio.

Kwa maana Jemutai alikuwa amekufa wiki nne. Ilitokea hivi.

Binti yake Diana, anayeimba kanisani tangu miguu yake haijafika chini kutoka kwenye benchi, alichaguliwa kuwakilisha Kenya katika Mataifa Yaimbe. Hilo ni shindano la nchi kumi na nane, na linarushwa moja kwa moja kutoka mji mmoja wa mbali, mashariki, ambako jua hutua kabla watu wa Eldoret hawajatoka kanisani vizuri. Kabla Diana asafiri, watu wa TV walikuja kumpiga filamu nyumbani. Mkubwa wao alikuwa Opiyo, kijana wa Nairobi mwenye adabu nzuri na viatu vyeupe, ambavyo alivifuta kila baada ya hatua tano. Alieleza kwamba kila mwimbaji ana filamu yake ya dakika tatu, na inaonyeshwa kabla hajaimba. Halafu akauliza ni nani amekufa.

"Hakuna," Diana akasema.

"Hata baba?"

Baba yake Diana alikuwa anaishi Kimumu na mke mwingine. Alikuwa na afya na posho mill ya kusaga mahindi.

Opiyo akafunga kitabu chake. "Sista, nisikize vizuri. Yule dem wa Peru, maporomoko ilichukua ndugu zake wawili. Wa Poland alilelewa na nyanyake, nyanya akafa wiki ya audition. Sasa wewe unaingia na nini? Baba ako na posho mill?"

Jemutai alikuwa anawamiminia chai. Aliuliza kama kinachokosekana ni mtu aliyekufa tu.

"Ni hiyo tu, Mama. Zingine zote ziko sawa. Sauti iko juu."

"Na ni ya TV peke yake?"

"Ya TV peke yake."

Aliuliza kama ni dhambi, na Opiyo akasema ni filamu. Jemutai akapangusa mikono kwenye leso, akauliza watie sahihi wapi. Fomu ilikuwa na mahali pa jina la marehemu, na chini yake mahali pa sahihi ya mtu mzima wa familia anayekubali. Mtu mzima wa familia alikuwa yeye, kwa hivyo alijaza kote kuwili.

Walitaka picha yake ya kuweka mezani na mshumaa. Picha zote zilikuwa za kwaya, na katika zote alikuwa anacheka. Mwishowe walikuza ile ya kitambulisho. Kisha wakamwomba akae nyuma ya nyumba, karibu na kuku, wakati Diana analia. Diana alijaribu mara mbili na machozi hayakuja. Mara ya tatu Jemutai alikohoa huko nje, na Diana akalia mpaka Opiyo mwenyewe akainamisha kichwa.

"Hiyo ndiyo," Opiyo akasema. "Kikohozi tutatoa."

Filamu ilionyeshwa Jumapili ya kwanza. Sasa, watu wa hapa wamelelewa na matangazo ya vifo ya redio. Jina likishasomwa, hakuna anayeuliza maswali; mtu anavaa sweta na kwenda kubeba viti. Murunga aliiona picha kwa macho yake, akauona na mshumaa. Kabla giza liingie kulikuwa na watu thelathini uani, na kuni, na sukari, na sufuria mbili za kanisa. Jemutai akafungua mlango.

"Pole sana, Mama Diana," wakamwambia.

"Asanteni. Karibuni."

Murunga alimweleza walichokiona. Jemutai naye akaeleza habari ya fomu. Murunga akauliza kama alitia sahihi. Jemutai akasema ndiyo, alitia.

"Basi tuanze na hema," Murunga akasema. "Matanga yakishafunguliwa hayafungwi bila kaburi. Sijatunga mimi."

Asubuhi iliyofuata unga wa mandazi ulikataa kuumuka. Jemutai alikuwa akiuzia mafundi na wanafunzi mandazi pale langoni kwa miaka kumi na moja, na unga haukuwahi kumkataa. Alibadilisha hamira, akabadilisha maji. Tatizo lilikuwa mikono. Ilikuwa imepoteza joto. Jumapili ya pili, baada ya filamu kuonyeshwa tena, kivuli chake kilifika kizingitini na hakikuvuka. Ya tatu, laini yake ya simu ilifungwa, na akaanza kutembea kwenye tope bila kuacha alama. Watoto wa ploti walipenda hilo, wakamfuata kila mahali wakitazama miguu. Kwenye kliniki, nesi alitafuta mpigo wa damu mkono wa kulia na wa kushoto, akakosa, akaandika kwenye kadi: kawaida kwa hali yake. Akamwambia anywe maji mengi.

Ni Nyakio peke yake aliyebisha. Alibisha kwenye kamati, alibisha kwenye foleni ya bomba, alibisha na wateja mpaka wengine wakaanza kununua sukari mahali pengine.

"Mimi simwiti marehemu mpaka mtoto wake aseme kwa mdomo wake," alisema. "Filamu si mdomo. Filamu inakatwa na kushonwa kama nguo."

Kamati iliona hilo lina maana. Wakakubaliana kungoja fainali. Diana akisema mama yake yuko, hema litakunjwa na kila mtu arudi nyumbani na sufuria yake. Asiposema, wazike. Kipchumba, kaka yake Jemutai, aliulizwa kuhusu mahali, akasema shamba lake la Kesses lina nafasi kando ya miti ya mikaratusi.

Jemutai alimpigia Diana kwa simu ya Nyakio. Alimwambia mambo yote kwa utaratibu: mandazi, kivuli, nesi.

"Mum!" Diana akasema, akalia kidogo. "Wangoje tu. Nikifika fainali nitasema. Itakuwa live, hawawezi kukata."

"Usiseme mengi wakakukasirikia. Sema tu naitwa Jemutai na niko West Indies."

"Nitasema, Mum. Naapa."

"Umekula?"

"Nitakula."

Fainali ilirushwa Jumapili saa kumi jioni, saa za kwetu. Kioski cha Nyakio kilijaa mpaka watu wakasimama kwenye dirisha la mikate. Jemutai alipewa kreti ya soda, akakaa mbele, chini kuliko watu wote. Filamu ilionyeshwa, na watu wakamtazama yeye badala ya TV, kwa heshima, kama watu wanavyomtazama mgeni rasmi wakati anasomewa risala. Kisha Diana akaimba. Ulikuwa wimbo ambao Jemutai huimba akikanda unga, ila wameuongezea vinanda na ngoma. Nyakio alilia na kumtukana Opiyo kwa wakati mmoja.

Mtangazaji wa huko, mwanamume wa koti la kung'aa, alimshika Diana bega. Alimuuliza mama yake angekuwa hapo angemwambia nini.

Baadaye Opiyo alisimulia jinsi ilivyokuwa. Alisema kwamba pale jukwaani, miguuni pa mwimbaji, kuna kioo kidogo ambacho watu wa nyumbani hawakioni, na kura zinapita hapo zikipanda na kushuka. Kenya ilikuwa ya pili, nyuma ya yule msichana wa Peru, karibu sana. Masikioni Diana alikuwa na kidude cha kusikilizia, na mtu wa mitambo alikuwa anamwambia pole pole, zinapanda, zinapanda, usiharakishe.

Walichokiona watu wa kioski ni Diana akifungua mdomo. Akaangalia miguu yake. Akaufunga. Nyakio akasema, "Sema, mtoto. Sema."

Diana akainua uso.

"Najua ananiona," alisema. "Najua ananiangalia kutoka juu."

Kenya ikashinda. West Indies yote ilipiga kelele, honi zikalia mpaka barabara kuu, na mtu akamwaga soda. Jemutai alipiga makofi pamoja na wengine. Viganja vyake vilikutana vizuri, mara nyingi, bila sauti.

Murunga akavua kofia. "Ijumaa wiki ijayo," akasema.

Safari hii Nyakio hakubisha. Alizima TV, akaanza kuokota chupa.

Ijumaa, Kesses, ndani ya jeneza waliweka sare yake ya kwaya na Biblia, kwa kuwa mwenyewe alikuwa jikoni. Watu wanne walilibeba ingawa mmoja angetosha. Jemutai alikuwa ameamka mapema kuja kumenya viazi na akina mama, kama alivyofanya kwenye matanga ya kila mtu. Alijua ni sufuria gani inashika chini na ni nani anazidisha chumvi. Aliposikia magari alinawa mikono, akavua aproni, akaenda kusimama njiani.

Diana alishuka na koti refu jeusi. Nyuma yake Opiyo na kamera mbili. Alimsalimia Murunga, akamkumbatia Nyakio, akampa mkono mjomba wake. Mama yake alikuwa amesimama katikati yao. Diana alipita kando yake, karibu kiasi cha koti kumgusa leso, na macho yake yakapita pale kama yanavyopita kwenye ukuta.

"Salimia mama yako," Kipchumba akamwambia.

Diana akaangua kilio. Opiyo akamwonyesha mpiga picha kwa kidole: hiyo, hiyo.

Murunga alimvuta Jemutai pembeni. Alimweleza kwa upole, kama mtu anayeeleza foleni ya benki. "Sisi tulisikia tu, ndiyo maana tunakuona. Yeye alisema. Kwa mdomo wake, mbele ya nchi kumi na nane."

"Haya," Jemutai akasema.

"Pole."

"Amekonda. Umeona amekonda?"

Kaburini Diana aliimba ubeti mmoja. Jemutai alikuwa amesogea kumsikiliza, mpaka Opiyo akamnong'oneza, "Mama, samahani, kushoto kidogo. Unaingia kwa picha." Akasogea kushoto. Walirudia ubeti mara tatu kwa sababu ya upepo, na baada ya hapo vijana wakachukua majembe.

Watu wakaingia nyumbani kwa Kipchumba kula. Watu wa kamera walikula ndani ya gari. Diana alibaki peke yake uani, amejishika mikono, anatazama mashamba ya ngano. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu uwanja wa ndege; tangu utotoni akilia husahau kula, na ni lazima mtu amkumbushe.

Jemutai alipakua wali, akaweka nyama isiyo na mafuta na mchuzi mwingi, vile Diana anapenda, akafunika kwa sahani nyingine. Alisimama mlangoni, akaita. "Diana!" Akangoja. "Diana, we!" Ndani ya nyumba watu waliacha kutafuna. Huko nje Diana alijifunga koti, akaendelea kutazama ngano.

Jemutai aliita mara ya tatu. Kisha akageuka, akamtazama Nyakio.

Nyakio alikuwa na kijiko mkononi na kinywa kimejaa. Alimeza. Alijipangusa mikono kwenye sketi, akaja mlangoni, akasimama bega kwa bega na Jemutai.

"Diana," akaita, "mama yako anasema uingie ule."