Bendera ya Muuza Magodoro

Fundi cherehani alikuwa akibadilisha zipu ya sketi ya shule simu ilipolia. Mjomba alikuwa ametuma kwenye kundi la familia picha ya muuza magodoro, yule aliyemletea fundi posa, meno yote nje. Mabinamu wakamwaga makopakopa. Bibi, ambaye kwake bendera ni shangwe, akabonyeza emoji ya bendera nyekundu.

Jioni muuza magodoro alifika nyumbani kwa kina fundi na bendera hiyo utosini, juu ya mlingoti wa urefu wa penseli. Aliinama mlangoni isigonge, akawaamkia wakubwa, akaketi.

"Bibi, ile emoji maana yake huyu mtu ana kasoro, mkimbie," binamu mmoja alieleza.

"Kasoro gani? Si meno yote anayo?"

Hata hivyo Bibi aliifuta, ila aliifuta kwenye simu yake tu. Utosini ilibaki.

Fundi alimmiminia mgeni chai, akamuuliza mbona jana hakupokea simu.

"Nilikuwa kwa shangazi yangu. Anaumwa mgongo."

Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi, lakini bendera ilipepea.

"Na yule mwanamke aliyepokea juzi?"

"Yule? Fundi bomba."

Bendera ikapepea kwa nguvu mpaka pazia likainuka.

"Mama, unaona?" fundi alinong'ona.

"Naona. Kaubaridi kazuri." Mama akasogeza kiti. "Hebu tueleze na habari za kazini, baba."

Akaeleza kwamba yeye ndiye meneja. Chai ya Bibi ikapoa.

Wakamzoea. Kinyozi alimnyoa kwa kuuzunguka mlingoti. Shangazi wa fundi, nguo zake zikichelewa kukauka, alimketisha chini ya kamba na kumuuliza kama ana watoto. Akasema hana hata mmoja, na mashuka mazito yakakauka pale pale.

Fundi alimfuata mama yake jikoni.

"Mimi simtaki, Mama. Kila akifungua mdomo inapepea."

"Baba yako alinidanganya miaka nenda miaka rudi, na upepo sikupata."

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alirudi kwenye cherehani, akachukua simu, akatuma kundini bendera nyekundu, moja, peke yake. Lakini familia ilishaishika kwa maana ya Bibi. Mjomba akaandika, "Amekubali!" Zikafuata bendera nyekundu mpaka simu ikaganda.

Siku ya ndoa ukumbi ulijaa, watu wakijipepea kwa kadi za mwaliko. Msajili alimuuliza bwana harusi kama atakuwa wa mke huyu peke yake.

"Ndiyo. Peke yake."

Bendera ikavuma. Maua yakaanguka mezani, na bibi harusi akashika shela kwa mikono miwili. Waliokaa mbele wakafumba macho kwa raha.

"Msajili, muulize tena," shangazi aliomba kutoka viti vya nyuma. "Huku haujafika."

Msajili akalegeza tai yake, akamuuliza tena.