Sahihi ya Kamusi

Kwaya ya shule ilikuwa na waimbaji thelathini na wawili na mwandishi mmoja. Mwandishi alikuwa msichana wa kidato cha tatu, naye wenzake walimwita Kamusi, kwa kuwa neno lililotamkwa vibaya mbele yake halikupita salama. Mwalimu wa kwaya alitunga nyimbo zake mwenyewe, akaziandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani kwa mwandiko ambao hata yeye aliusoma kwa kukisia. Kamusi aliuchukua mchafuko huo akaurudisha safi, kwa wino mweusi, herufi za do, re, mi zimepangwa juu ya maneno kama vifungo vya shati. Chini kabisa aliweka sahihi yake. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya Mwalimu: karatasi isiyo na sahihi haiimbwi, maana kosa likitokea lazima lijulikane limetoka mkono gani.

Kwa miaka miwili halikutokea. Kwa miaka hiyo hiyo miwili, palipohitajika mtu wa kuimba peke yake, aliimba yeye. Akimaliza, Mwalimu husema, “Sahihi,” na kugeukia sauti ya nne, ambako kulikuwa na matatizo ya kweli.

Muhula wa pili akaja msichana kutoka shule nyingine. Alikuwa na jina, bila shaka, lakini siku ya kwanza kiranja wa bweni alimtambulisha kama mgeni, na Mgeni akabaki. Alikuwa na miguu mirefu, soksi zisizolingana, na mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino. Mazoezini Mwalimu alimpa wimbo ambao hajawahi kuuona. Mgeni aliutazama kidogo, kama mtu anayesoma tangazo ukutani, kisha akauimba wote. Mwalimu hakusema sahihi. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena, akamwomba arudie.

Kamusi alihesabu. Kwa miaka miwili ile miwani haikuwahi kuvuliwa kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo alianza kumwona Mgeni kila mahali, kama mtu aliyetobokewa na kiatu anavyoviona viatu vya watu. Kwenye sala ya asubuhi aliona jinsi anavyofumba macho kabla ya wengine. Bwaloni aliona matroni akimwongezea mchuzi bila kuombwa. Aliona wasichana wa kidato cha kwanza, waliokuwa wakimletea yeye daftari zao awasahihishie, sasa wakimfuata Mgeni hadi kwenye kamba za kuanikia nguo ili awafundishe kupumua. Wenzake hawakukosa kuliona hilo. Jirani yake wa sauti ya kwanza, mtani asiye na haya, aliligeuza kuwa methali ya darasa: “Mgeni njoo, Kamusi apone.” Walicheka. Kamusi naye alicheka, akawaeleza kwamba methali inasema mwenyeji. Hilo likawachekesha zaidi.

Muhula huo kazi ya jamii ya shule ilikuwa wodi ya watoto katika hospitali iliyopakana na uzio wao. Jumamosi tatu walikwangua rangi iliyobambuka, wakaosha kuta kwa sabuni na kuzisugua kwa msasa. Ya nne ingekuwa siku ya kuifungua. Wazazi wangealikwa, mchungaji wa shule angeomba, na kwaya ingeimba wimbo mpya wa Mwalimu wenye ubeti wa mtu mmoja. Kamusi hakusubiri kuambiwa ni nani. Alimwandikia mama yake kwamba ubeti ule ni wake. Mama, fundi cherehani asiyefunga duka hata akiwa na homa, alijibu kwamba siku hiyo atalifunga, na atakuja na shangazi wawili.

Siku mbili baada ya jibu hilo kufika, Mwalimu alitangaza kwamba ubeti ataimba Mgeni.

Kamusi aliinamisha kichwa akaandika hilo katika daftari la kwaya, kwa kuwa kuandika ilikuwa kazi yake. Barua ya pili kwa mama aliianza mara tatu, na mara tatu aliishia kwenye salamu.

Ijumaa hapakuwa na mazoezi. Rangi ya mkono wa kwanza ilikuwa imekauka kwa mabaka, na shule nzima ilipelekwa kupiga mkono wa pili. Mgeni alikuwa juu ya ngazi na rola, Kamusi chini ameshika ngazi.

“Shika vizuri, dada. Nikianguka leo, kesho utaimba wewe,” Mgeni alisema, akacheka.

Kamusi aliishika ngazi kwa mikono miwili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakuwa mtu wa ngazi. Alikuwa mtu wa karatasi.

Karatasi ilikuja jioni. Mwalimu, mwenye rangi nyeupe hadi kwenye nyusi, alikuwa amebadilisha mwisho wa ubeti akiwa kazini na kuuandika nyuma ya lebo ya kopo la rangi. Alimwomba Kamusi aunakili na kumpelekea Mgeni. Kuhusu mazoezi asiwe na shaka, alisema, yule husoma nota kama gazeti. Wengine hawakuhitaji kitu. Kwaya ingeshikilia mlio wake ule ule huku mwimbaji akimalizia.

Maneno ya mwisho yalikuwa “mlango u wazi.” Juu ya silabi ya mwisho Mwalimu aliweka so, na chini ya so kistari kidogo. Katika nota za herufi kila kitu kimo katika kistari hicho. Kikikaa chini, sauti inashuka. Kikikaa juu, inapanda. Herufi ni ile ile. Mwalimu alitaka ubeti ushuke na kutulia, kama mtu anayekaa kitini.

Kamusi alinakili kama ilivyoandikwa. Alisubiri wino ukauke. Kisha akatoa wembe aliokuwa akiutumia kukwangulia makosa, akakikwangua kile kistari taratibu, akapuliza vumbi, akachora kingine juu ya herufi. Sasa kutoka do ya katikati mwimbaji angelazimika kuruka hatua kumi na mbili kwenda juu, kwa pumzi iliyobaki mwisho wa ubeti mrefu, mbele ya watu mia mbili, bila kuwahi kujaribu. Sauti ingepasuka. Mama na shangazi wangeisikia ikipasuka, na wangeelewa wenyewe nani alistahili kuimba.

Karatasi hiyo hakuitia sahihi. Aliikunja akampelekea Mgeni bwenini, na Mgeni akashukuru.

Siku ya pili wodi ilinuka rangi na sabuni. Wazazi walijipanga ukutani kwa uangalifu, wasichafue nguo. Mama alisimama karibu na dirisha, tepu ya kupimia imesahaulika shingoni, shangazi mmoja kila upande. Kwaya ilipoingia, alimtafuta binti yake kwa macho, akampata mstari wa pili, akatabasamu na kuwagusa wifi zake wote wawili. Kisha Mgeni akatoka mbele peke yake, na tabasamu la mama likabaki palepale bila kazi.

Ubeti ulienda kama ulivyopaswa. Kamusi aliufuata silabi kwa silabi kwa vidole vyake nyuma ya mgongo. Mlango. U. Wa. Mgeni alivuta pumzi pasipo mahali pa kuvuta pumzi, na zi ikaruka.

Haikupasuka. Ilipanda moja kwa moja ikasimama huko juu, nyembamba na imara, na kwaya chini yake ikabaki katika upatano, kwa sababu so ni so, iwe dari au sakafu. Mtoto mmoja mwenye mguu wa plasta aliacha kulia kutazama imetoka wapi. Mwalimu alisahau kushusha mkono, basi kwaya haikunyamaza, na Mgeni aliishikilia mpaka mkono uliposhuka. Shangazi mdogo, aliyekuja amenuna, alikuwa anafuta macho kwa mkoba.

Kamusi alipiga makofi na wengine. Hakuwahi katika maisha yake kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea Mgeni dakika ile; wivu wa awali ulikuwa mazoezi tu.

Walikutana ushorobani, kwenye ndoo za rangi tupu. Mgeni alikuwa anakunywa maji.

“Niliona wembe ulipopita,” alisema, bila ukali. “Karatasi ukiiweka dirishani, pale pamekuwa pembamba.”

Kamusi alimwuliza kwa nini basi hakuuliza.

“Ningekuuliza ungesema umekosea, na ungekirudisha chini. Nilitaka kuona kama nitaifikia. Jana nimeijaribu kule kwenye kamba za nguo mpaka matroni akanifukuza.”

Kumbe kwa usiku mzima na asubuhi nzima Mgeni hakuwa amemfikiria Kamusi hata kidogo. Alikuwa amefikiria nota.

Mwalimu alifika pamoja na mama na shangazi wawili. Alikuwa na ile karatasi mkononi na miwani mkono wa pili. Alianza kwa kumweleza mama kwamba mwisho ule uliowaliza watu yeye hakuutunga. Aliandika kitu cha kawaida, na binti huyu, kwa mkono wake, akakipandisha.

“Miaka miwili nimekuwa nikikuambia sahihi,” akamgeukia Kamusi. “Leo umethubutu. Sikujua unalo hilo.”

Ndiyo yaliyokuwa maneno aliyoyasubiri, na miwani ilikuwa imevuliwa.

Mama alisema ilikuwa vizuri ajue hilo, maana barua ilisema mtoto ataimba, na wamevaa viatu vya kubana kuja kumsikia mtoto wa watu. Shangazi mkubwa alidakia kwamba kutunga ni kukubwa kuliko kuimba. Kuimba hata jogoo anaweza. Mama aliomba karatasi akaibandike dukani, juu ya cherehani. Akaishika kwa vidole vya mtu wa vitambaa, akakipita kile kisehemu chembamba kwa kidole gumba, akarudi akakipita tena. Akatazama chini ya karatasi.

“Mbona hujaweka sahihi, mwanangu? Wewe huweka hata kwenye orodha ya sokoni.”

Mwalimu alitoa kalamu mfukoni, akaifungua, akampa.

Mgeni alikuwa bado ameshika kikombe. Hakuonyesha dalili ya kusema lolote, na Kamusi aliliona hilo waziwazi: siri ingekaa hapo maisha, salama, mikononi mwa Mgeni. Angeweka sahihi, karatasi ingepanda ukutani, na kila aendapo nyumbani angekula chakula chake chini ya zawadi ya Mgeni. Hilo, kati ya yote, ndilo hakuweza kulimeza.

“Kistari kilikuwa chini, Mwalimu,” alisema. “Nilikihamisha ili ashindwe.”

Aliweka sahihi, akarudisha kalamu.

Shangazi mdogo aliuliza kistari gani. Mwalimu aliisoma tena karatasi, na ilimchukua muda mrefu kwa mstari mmoja. Alipomaliza, alivaa miwani. Alisema mwisho wa wimbo utabaki kama ulivyoimbwa, kwa kuwa ni bora. Alisema pia kwamba kuanzia Jumatatu kunakili nota itakuwa kazi ya Mgeni.

Mama alisindikizwa na binti yake hadi getini, shangazi wakiwa wametangulia. Alikuwa ameirudisha karatasi kwa Mwalimu.

“Mimi nikimkatia mteja kitambaa vibaya, humwambia kabla hajakivaa,” alisema. “Wewe umesema ameshacheza nacho harusini.” Kisha akaivua tepu shingoni, akaiviringisha, na kabla ya kuondoka akaongeza kwamba afadhali alisema.

Jumatatu Mgeni aligawa nakala zake za kwanza. Zilikuwa balaa. Mistari ilipanda kilima, herufi zilikanyagana, na mtani wa sauti ya kwanza alitaka kujua kama zinasomwa au zinatibiwa. Kamusi aliipokea yake akaitandaza mapajani. Furaha ilimpanda polepole, naye akaiacha ipande. Alisoma neno kwa neno, kama mkaguzi, na katika mstari wa tatu alilipata: la isiyo na kistari chake cha chini. Waimbaji wote thelathini na wawili wangeiimba juu.

Mgeni aliketi kiti cha mbele, wino kwenye kidevu, shingo ndefu imemwelekea Mwalimu. Alikuwa ameweka sahihi yake chini, kubwa, imepinda.

Mwalimu aliinua mkono. Kunyamaza kulihitaji sekunde mbili tu. Kamusi alizihesabu zote mbili, kisha akasimama.

“Mstari wa tatu,” alisema. “La haina kistari. Kinatakiwa chini.”

Mwalimu alitazama, akakubali kwa kichwa. “Sahihi,” alisema, na thelathini na wawili wakatafuta penseli. Mgeni aligeuka, akasema asante, dada, kwa moyo mmoja, akaanza kusahihisha yake.

Kamusi aliketi. Alikuwa amelisema kosa kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa pia amelisema kwa sauti ya kufika mlangoni, kwa maneno yaliyotamkwa kwa makini, mtu wa mwisho wa sauti ya nne asije akakosa kusikia limetoka mkono gani.