Mlango Uliobaki

Jambo la kwanza alilofanya mkuu mpya wa kituo ni kuita fundi ang'oe milango. Ofisi zote, hata ya kwake. "Hapa hapigwi mtu tena," aliwaambia askari kwenye gwaride, "na asiyepiga hana haja ya kujifungia." Askari wakapiga saluti, wakaenda kunong'onezana chooni.

Sajenti wa stoo ya vielelezo alikuwa ameona wakuu wengi na mageuzi yao. Huyu alileta rangi mpya, yule semina, yule kaulimbiu. Wote walikuja na moto, wakapoa. Lakini hili la milango lilimwingia, ingawa hakutaka limwingie. Alikuwa amechoka, na alichotaka ni kustaafu salama pale pale, karibu na hospitali anakotibiwa mkewe. Stoo yake iliachiwa mlango, kwa kuwa vielelezo sharti vifungiwe.

Kisha kigogo mmoja akaibiwa nyumbani kwake, na simu kutoka juu zikawa hazikatiki. Mkuu akaanza kukonda. Alasiri moja akaja stoo mwenyewe. Nyuma yake alikuwa mpelelezi, mikono ya shati ameshaikunja, anamsukuma fundi simu mmoja aliyetiwa pingu kwa wizi ule.

"Mzee wangu," mkuu alisema, akitazama sakafuni, "naomba ufunguo. Wewe kapumzike, kanywe chai."

Sajenti hakukasirika. Alihuzunika, kama mzazi anayemwona mwanawe amerudi nyumbani amelewa. Akamkumbuka mkewe asubuhi ile: "Baba, tumebakiza kidogo tu. Usigombane na mtu."

"Afande, stoo haifunguliwi mtunzaji asipokuwemo ndani. Ndiyo utaratibu."

Mpelelezi akacheka. "Tangu lini? Enzi za mkuu aliyepita si ulikuwa unatukabidhi ufunguo, unasimama koridoni?"

"Nilikuwa nasimama," sajenti alikubali. "Siku hizi miguu inauma."

Akafungua, akaburuta kigoda chake hadi katikati, akaketi kati ya baiskeli za wizi na mapanga yenye kutu. "Karibuni," alisema.

Hakuna aliyeingia. Mkuu alisimama kizingitini akimtazama yule mzee, kisha akageuka na kuondoka, na mpelelezi akaanza kukunjua mikono ya shati. Mtuhumiwa akarudishwa mahabusu akiwa mzima.

Kabla wiki haijaisha sajenti alihamishiwa mpakani. Alipokwenda kukabidhi ufunguo, alimkuta fundi wa milango ofisini kwa mkuu, anapima fremu. Mkuu aliupokea ule ufunguo bila kuinua uso.

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Si nilikwambia usigombane na mtu?"

"Sikugombana, mama. Nilikaa tu."

Mkewe akainuka, taratibu, akaanza kukusanya dawa zake kutoka dirishani na kuzitia mfukoni moja moja, kwa safari.