Mkia wa Linki

Kwenye kundi la simu la familia walimwita Mkasi, na halikuwa jina la mapenzi. Mtu akituma linki ndefu, yeye huikata. Huondoa ule mkia wote wa herufi na namba, akabakiza kichwa kinachotosha kufungua ukurasa, akaibandika upya na kuandika chini yake: "Linki fupi ni adabu." Baba Mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, alishasema mbele ya kadamnasi kwamba kijana huyu angekuwa kinyozi, angemaliza masikio ya watu.

Lakini kazi yake ilikuwa miwani. Alishinda kwenye chumba kidogo nyuma ya duka, mbele ya mashine ya kusaga vioo, akitafuta mikwaruzo ambayo wengine hawaioni. Kwa macho hayo hayo alisoma mikia ya linki, na alikwishagundua kwamba mkia una mdomo. Husema mtu alitafuta nini, na pengine alikuwa wapi. Alijaribu kuwaeleza ndugu zake, wakasema ana kisirani.

Mchana ule kundi lilikuwa limechangamka. Mama yao alikuwa amehamia nyumba mpya, na Jumamosi wote walitakiwa kukutana huko. Kila mtu aliuliza njia. Simu ikalia juu ya meza. Mkasi akazima mashine, akafuta vidole, akatazama. Dada yake mdogo, yule waliyemwita Kitinda, alikuwa ametuma linki ya ramani, ndefu mistari sita.

"Haya, njia ya kwa Mama hiyo hapo. Kaka, usinikate!"

Akatabasamu, akaanza kuisoma ili aikate. Mwishoni kulikuwa na mtaa wa Mama. Mwanzoni kulikuwa na mtaa mwingine, upande wa pili wa mji, pamoja na namba ya jengo.

Tabasamu likamkauka usoni.

Kitinda alikuwa ametoroka kwa mumewe. Alipita dukani siku ile na begi moja na mkono uliovimba, akamwambia kaka yake, "Usiniulize ninapokwenda. Usichokijua hakiwezi kukuponyoka." Akamwapisha asimwambie Mama habari za ule mkono, kwa kuwa Mama ana presha. Basi Mama alijua tu kwamba kuna ugomvi, naye akasema vikombe kabatini havikosi kugongana. Mkasi alipotaka kumwondoa Shemeji kwenye kundi, Mama alimkatalia. "Ndoa haivunjwi kwa simu, mwanangu." Kwa hiyo Shemeji alibaki mle mle, kila asubuhi akiwatakia wakwe zake siku njema.

Na sasa mtu yeyote akiifungua ile linki, ramani ingemchorea mstari kutoka mlango wa Kitinda mpaka mlango wa Mama.

Alikuwa msimamizi wa kundi. Akaifuta.

Kabla hajapumua, ujumbe mwingine ukaingia. Ni Baba Mdogo: "Kitu kirefu kama treni! Kimeshaanza kufutwa huko juu, bahati nzuri nilikuwa nimekinakili. Wasiokipata hiki hapa." Na chini yake linki, nzima nzima, na mkia wake.

Mkasi akaifuta nayo.

"Umenifuta MIMI?" Baba Mdogo akaandika. "Mimi niliyekubeba mgongoni?"

Shangazi akaweka sura ya mshangao. Binamu akauliza kama sasa hata njia ya kwenda kwa mama mzazi ni siri ya serikali. Mama akatuma sauti yake, ya upole na ya kuchoka: "Mwanangu, muombe baba yako mdogo radhi. Mambo gani haya?"

Aandike nini? Akieleza sababu, atakuwa amemwambia Shemeji kwamba kilichofutwa ni cha thamani. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukaonekana kiburi. Halafu jina lile likatokea.

"Jamani, mnafuta nini?" Shemeji aliandika. "Mimi nilikuwa naendesha gari, sijaona kitu. Mwenye nayo anitumie pembeni, nami Jumamosi nisipotee."

Mkasi akampigia Baba Mdogo. Simu inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akampigia Kitinda, ikaita mpaka ikakata. Akamwandikia: "Linki imeonyesha ulipo. Usitoke nje. Nakuja." Mara ya tatu Baba Mdogo akapokea.

"Shikamoo, Baba Mdogo..."

"Shikamoo yako peleka kwingine. Umenivua nguo mbele ya watoto! Afadhali shemeji yako, amenipigia sasa hivi kwa adabu zake zote."

"Kaomba linki? Umempa?"

"Kwa nini nimnyime? Ni mkwe wetu yule."

Mkasi akakata simu. Alivua aproni, akapita dukani ambako mteja mmoja mzee alikuwa anasubiri miwani yake. "Mama yangu, niwie radhi, urudi kesho." Mzee yule akamtazama usoni, akabeba mkoba wake bila kuuliza.

Njia nzima, nyuma ya pikipiki ya kukodi, alikuwa anajaribu kukadiria. Shemeji huendesha gari la mizigo. Akiwa bandarini, bado. Akiwa ghalani, jirani na mtaa ule, ameshafika.

Alikuwa ameshafika. Gari lake lilisimama mshazari mbele ya saluni ya wanawake, magurudumu mawili juu ya njia ya waenda kwa miguu. Kumbe Kitinda alikuwa analala chumba cha juu na mchana anasuka nywele pale chini. Mlangoni alisimama mwenye saluni, mwanamke mpana, kitana mkononi. Nyuma yake wateja wawili walikuwa wamesimama na vichwa vilivyosukwa nusu.

"Nimekuja kumchukua mke wangu tu," Shemeji alikuwa anasema, kwa ile sauti yake laini ya salamu za asubuhi. "Sitaki shari na mtu."

"Asiyetaka shari angepiga hodi kwa simu," mwenye saluni akamjibu.

Mkasi akashuka, akapita mbele ya Shemeji, akasimama kando ya yule mwanamke. Hajawahi kupigana tangu shule, na hata huko alipigwa.

"Mkasi!" Shemeji akacheka. "Na hapa umekuja kukata nini?"

"Rudi kwenye gari, shemeji."

"Au?"

"Niliuona ule mkono."

Kicheko kikaisha. Shemeji akapiga hatua moja mbele, na wakati huo huo simu mbili zikalia pamoja, ya Mkasi mfukoni na ya Shemeji mkononi. Shemeji akatazama chini, akabonyeza kwa mazoea. Sauti ya Kitinda ikatoka, kubwa, katikati ya mtaa.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba Mdogo. Nawaambia wote kwa pamoja ili nisirudie. Sikuondoka kwa ugomvi wa vikombe. Alinibana mkono kwa mlango, akaufungua, akanibana tena. Sasa yuko chini ya dirisha langu. Kaka alifuta ile linki kwa sababu hiyo. Msimseme."

Shemeji alihangaika kuizima, lakini kidole kiliangukia pembeni, na maneno yakaanza upya. Mpita njia mmoja alisimama. Kisha wa pili. Simu ile ile ikaanza kuita mkononi mwake: Baba Mdogo. Ikaita, ikakata, ikaita tena. Hakupokea. Alitazama dirisha la juu, akatazama watu waliokuwa wanaongezeka, akapanda gari lake na kuliondoa kwa nguvu hata likagonga ukingo wa njia.

Mkasi akapanda ngazi, akagonga mlango wa Kitinda.

Jioni alimfikisha Kitinda kwa Mama. Baba Mdogo alikuwa ametangulia. Aliweka kiti getini, akakaa na fimbo yake mapajani, akaitikia shikamoo zao bila kuinua macho. "Kumbe ule mkia wenyewe unasema," alinong'ona, basi.

Mama aliushika mkono wa binti yake, akaugeuza taratibu kwenye mwanga. Uvimbe ulikuwa umekwisha, weusi ulikuwa bado. Akamgeukia Mkasi.

"Wewe ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Mkanifichia. Mkaniacha nimwitikie yule 'mwanangu' kila asubuhi." Akamnyooshea simu yake. "Huyu anatolewaje kwenye kundi?"

"Lete nimtoe."

"Sijakuomba unitolee. Nionyeshe pa kubonyeza."

Ikabidi kwanza amfanye naye kuwa msimamizi. Mama akavaa miwani, akalitafuta jina kwa kidole, polepole, akipita majina ya watoto wake, ya wajukuu, ya shangazi. Alipolipata hakusita. Akabonyeza, akasubiri aone limetoweka kweli, akaipindua simu kifudifudi juu ya meza na kuinuka kwenda kumtandikia binti yake kitanda.